Mkono Usioshika Penseli

Alianza kujifunza kuchora akiwa na miaka arobaini na mmoja, umri ambao dada yake aliuona ni wa kufundisha wengine, si wa kufundishwa.

"Samaki mkunje angali mbichi," dada alimwambia siku moja wakikunja mashuka. "Wewe umeshakauka, mdogo wangu. Ukikunjwa utavunjika."

Mdogo mtu akachukua shuka jingine. Alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo alichokipenda kweli ni kile kitambo kifupi kabla ya mkasi, chaki inapotembea juu ya kitambaa na mstari kutokea pasipokuwa na kitu. Vidole vyake havikuwahi kutakata vumbi lile jeupe. Ndiyo maana kule kwa wachoraji alikokwenda kujifunza walimwita Chaki.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja juu ya kiwanda cha kuchapa. Mitambo ikianza kazi chini, maji ya kuoshea brashi yalitetemeka vikombeni. Waliofanya kazi humo walikuwa wawili: mzee aliyechora picha za vitabu vya shule tangu ujana wake, aliyeitwa Kivuli kwa sababu swali lake lilikuwa moja tu, kivuli kiko wapi, na mtia rangi, mwanamke mcheshi mwenye brashi moja mkononi na nyingine kachomeka kwenye nywele. Hawakuwa walimu. Walikuwa na kazi za watu, na Chaki alijifunza pembeni ya kazi hizo, alasiri tatu kwa wiki, akiwachongea penseli.

Mzee Kivuli hakugusa kamwe mchoro wa mtu mwingine. Alitandika juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini, akachora hapo namna ambavyo yeye angefanya, kisha akarudi kwenye kiti chake na kukuachia uzilinganishe mwenyewe. Miezi ya mwanzo Chaki aliona heri angekaripiwa. Karipio hupita, karatasi ile ilibaki mezani ikimtazama.

Kilichomshinda ni mikono. Watoto wote aliowachora waliificha mfukoni au nyuma ya mgongo, hadi mtia rangi akataka kujua kama hawa ni wanafunzi au ni mahabusu. Basi Chaki akaacha kukwepa. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, alichora mkono: umeshika kijiko, umeshika kifungo, umeshika penseli, mpaka vidole vikaacha kufanana na karoti.

Mwezi wa saba kikaja kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza. Mzee akampa kurasa nane, zote za darasani, na hakumzungusha. Mhariri akizikubali, meza ya dirishani, iliyokuwa imejaa makopo ya rangi, itakuwa yake, na ataajiriwa. Akizikataa, karakana haina nguvu ya kubeba mwanafunzi mwaka mwingine. Chaki hakumwambia dada yake. Alichora wiki tano. Mzee akazipitia moja moja, akauliza kivuli kiko wapi, akaonyeshwa, akaridhika.

Mhariri alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba. Alizitandaza kurasa zote nane, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akauliza, bila ukali wowote, kama darasa lile lina mtoto hata mmoja anayeandika kwa mkono wa kulia.

Wote wakainama kutazama. Watoto kumi na wawili, na kila mmoja penseli yake iko kushoto.

Mzee Kivuli akavua kofia. "Mimi ndiye niliyezipitisha," alisema. "Nilikuwa natafuta vivuli."

Angeweza kumwachia mzee mzigo huo. Lakini Chaki alikuwa amekwisha kuitazama mikono yake mwenyewe, na aibu ikamwingia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Kosa ni langu, dada," alimwambia mhariri. "Mkono wa kulia unachora. Wa kutazama umebaki huu mmoja tu." Akauinua wa kushoto.

"Si ungeazima wangu, shoga," mtia rangi akanong'ona.

Mhariri alicheka kidogo. Alisema mikono yenyewe ni mizuri, ina mifupa ndani yake, ila mtoto wa darasa la kwanza huiga anachokiona. Wageuzwe, na kurasa zirudi kwake baada ya siku kumi. Halafu akaweka kidole juu ya msichana aliyekaa karibu na mlango, ulimi nje, ameinamia daftari.

"Huyu mwache kama alivyo," alisema, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto na kuandika tarehe.

Alipoondoka, Mzee Kivuli alivuta mtoto wa meza na kutoa kioo cha kunyolea, ukingo wake umeganda rangi za miaka. Akakisimamisha mbele ya Chaki. Ukiweka mkono wa kushoto hapo, alieleza, kioo kitakupa wa kulia.

"Nilisahau kukupa," alisema. "Mimi mwenyewe nilikipata baada ya kitabu cha pili."

Kisha akaenda dirishani, akaanza kuteremsha makopo, moja moja, akiulalamikia mgongo wake. Chaki alisubiri kopo la mwisho litoke, ndipo akatafuta kitambaa cha kufutia vumbi.