Gunia la Nyuzi Nyeusi

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nilikua nikilalia takataka. Nilikana bwenini chuo kikuu, nikakana ukweni, na mwezi uliopita nikakana gereji, mbele ya fundi asiye na habari yoyote na maisha yangu. Nilikuwa nimeshika oili kwa kujifanya najua injini. Akanitupia fundo la nyuzi za rangi mchanganyiko.

"Jifute, mama. Mabaki ya kiwandani hayo. Hujawahi kuyaona?"

"Sijawahi," nikasema, na papo hapo harufu ikanipanda puani: vumbi la pamba lililolowa mafuta ya mashine. Nikajifuta polepole kuliko ilivyohitajika, kisha nikalitia lile fundo kwenye mkoba wangu kama mwizi.

Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya godoro langu. Baba alifariki kabla sijajua kutembea, na mama akaenda Dar es Salaam kufagia chini ya mitambo katika kiwanda cha nguo, enzi zile za kujitegemea. Mimi nikabaki na bibi mlimani juu ya mji mdogo wa Soni, ambako ukungu uliingia hadi jikoni bila kupiga hodi. Mama alirudi mara moja kwa mwaka. Hakujua kuandika, na bibi hakujua kusoma. Badala ya barua lilikuja gunia.

Mitambo ilimwaga nyuzi zilizokatika, kingo za vitambaa na manyoya ya pamba. Mabaki mengine yalichomwa, mengine yalipelekwa kwa mafundi magari, na wafagiaji waliruhusiwa kuchukua kidogo. Mama alishindilia gunia, akalipakia kwenye basi, na utingo akalitupa Soni kutoka juu ya keria. Bibi alilibeba kichwani hadi nyumbani, mimi nikimfuata nyuma nikilinusa.

Alilimwaga juani juu ya mkeka, akalichapa kwa fimbo hadi sote tukakohoa. Nyuzi ndefu alizisokota kamba za kufungia mbuzi. Vitambaa alivishona blanketi. Kilichobaki kiliingia kwenye godoro na mito.

"Akiba haiozi, mke mwenzangu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, kwa kuwa marehemu babu alikuwa amenichumbia nikiwa na wiki moja.

Shuleni walikuwa na jina jingine. "Huyo analalia ufagio wa mama yake!" aliimba Rehema, ambaye godoro lake lilikuwa la majani makavu ya migomba na lilipiga kelele kila alipojigeuza. Nilijibu kwamba mama yangu ni mkubwa wa kiwanda. Hakuna aliyeamini, lakini jibu lilinisaidia kufika nyumbani bila kulia.

Sikumwambia mtu kwamba mimi nayasoma yale magunia. Niliamini mama ananisemesha kwa rangi. Gunia lenye manjano nyingi lilimaanisha amefurahi. Kijani ilikuwa mvua. Nyekundu ilikuwa onyo, na wiki hiyo niliteka maji bila kutumwa. Bibi alipokuwa shambani nilipiga magoti kwenye mkeka nikayachambua mabaki na kumjibu mama kwa sauti. Kuku ndio walionisikiliza.

Halafu, msimu mmoja wa baridi, likaja gunia la nyuzi nyeusi. Nyeusi tupu, kuanzia juu hadi chini.

Leo najua kiwanda kilikuwa kinafuma kaniki. Siku ile nilijua mama amekufa, na kwamba ni mimi peke yangu niliyepata taarifa. Bibi alichapa, akakohoa, akajaza mto wangu mpya huku akiimba wimbo wa kanisani, na mimi nikamwonea huruma: amefiwa na mwanawe na hajui. Nikaamua kumbebea msiba huo. Niliacha kucheza rede. Ugali ulikataa kushuka. Usiku niliweka kichwa juu ya mto ule na sikugeuka, nisije nikamuumiza marehemu.

Hatimaye nikafanya maziko. Niliufumua mto, nikazitoa nyuzi zote, nikachimba chini ya mgomba. Nilisema Baba Yetu mpaka pale nilipoishia kukumbuka, nikafukia. Bibi alinikuta nikiosha mikono.

"Mke mwenzangu, umelima nini kule?"

"Nimepanda maharage, bibi."

Alitazama migomba, akatazama mikono yangu. "Haya. Yataota."

Hakuuliza mto umekwenda wapi. Nilidhani hajagundua. Kwa majuma nilibaki na msiba wangu kama mtu aliyebeba maji mdomoni, mpaka gunia jingine lilipotupwa Soni, manjano na kijani. Nililia pale barabarani, wauza kabichi wakasema mtoto ana minyoo.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa ishara. Nimesomea kazi hiyo chuo kikuu, nimepewa kofia na joho kwa ajili yake. Lakini swali moja sikulitia kwenye karatasi yoyote: mama alikuwa ananisemesha, au nilikuwa mtoto mpweke aliyeongea na vumbi?

Jioni ya gereji, fundo likiwa mezani, nilimpigia mama simu. Siku hizi anaishi kwenye nyumba ileile ya bibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaumwa?"

Nikamweleza yote, hata maziko. Alicheka mpaka akakohoa.

"Rangi? Mwanangu, mimi nilijaza kilichokuwa sakafuni. Ningepata wapi nafasi ya kuchagua?"

"Kwa hiyo hukuwa unaniambia kitu."

"Sikuwa. Mpaka bibi yako aliponitumia salamu kwa utingo, kwamba mtoto hali, anazika nyuzi nyeusi shambani. Hakujua ni kwa nini, na mimi sikujua. Basi nikawa nazitoa. Saa ya chakula nakaa chini, natoa nyeusi moja moja, wenzangu wananicheka. Mpaka naacha kazi sikuwahi kukuletea tena uzi mweusi. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimesoma kila uzi uliokuja.

"Niliona, mama," nikasema.

"Mwongo," akasema mama. "Umekula?"