Laini ya Kithaka

Ukitaka kumjua Nelius wa Karurumo, keti naye kidogo tu uisikilize simu yake. Italia akikamua ng'ombe. Italia akiwa katikati ya maombi ya akina mama kanisani. Italia akiwa chooni, na huko pia ataipokea, tena kabla ya mlio wa pili.

"Maitu, niko hapa chini, nakata majani ya ng'ombe. Ndiyo, niko. Nakuja saa hii."

Maitu ni mama yake, Ciakuthii, na kwa kawaida huwa ameketi kibarazani, umbali wa kuitana tu kwa sauti. Macho yamefifia. Kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo, iko mapajani. Anachotaka kujua ni kama Nelius yupo, na akishaambiwa yupo anatulia, anashika rozari ya mawazo yake mwenyewe, kisha anasahau kwamba aliambiwa. Anapiga tena.

Mama huyu alikuwa amesahau mengi, jamani. Aliwasahau majirani, akasahau kama amekula, siku nyingine akasahau kwamba mumewe alishazikwa na akaulizia chai yake. Lakini namba ya Nelius haikumtoka. Vidole vilizijua tarakimu bila msaada wa macho, na akizibonyeza alizitaja moja moja kwa sauti ya kuimba. Alice, binamu yake Nelius aliyekubali kuja kukaa na mama, alijaribu kumwekea kitufe kimoja cha kumpigia Nelius, apumzike na ile kazi. Mama akakataa katakata. "Hiyo si ya Nelius," akasema, akaanza wimbo wake upya.

Na ole wako namba hiyo isipopokelewa! Iko siku betri ya Nelius ilizima akiwa sokoni Runyenjes. Ciakuthii akatoka kwenda kumtafuta. Walimpata jioni ndani ya shamba la kahawa la watu, kiatu kimoja mguuni, akiita jina la binti yake huku sauti imemkauka. Tangu siku hiyo Nelius hakulala mbali na chaja, wala hakwenda mahali pasipo na netiwaki. Harusi za rafiki zake alizisikia kwa hadithi.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Kithaka, kifungua mimba, alishuka Embu mjini zamani, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, akaoa, akanenepa. Nelius akabaki. Hakuna kikao kilichoketi kuamua hivyo. Mwaka mmoja ulimfuata mwingine, na ghafla alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na watu walikuwa wakimwonyesha wageni kama wanavyoonyesha mti wa mpakani: huyo ndiye Nelius, yule wa kwa mamake.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alisomea kutunza wazee, Jumamosi kwa Jumamosi, akidanganya kwamba anaenda mazoezi ya kwaya. Akaomba kazi Uingereza, akaipata. Mkataba wa miaka miwili. Viza ilipotoka aliifunika kwa kitambaa cha meza akakaa juu yake, akacheka peke yake hadi machozi. Alice tu ndiye aliyekuja kuambiwa, alipoombwa akae na mama.

Wakala aliyempangia safari alimwonya kwa ujumbe mrefu: usipande ndege kabla simu yako haijawekwa data ya kutumia huko, kwa sababu ukishuka utaelekezwa kwa mtandao, na ni wengi waliokwama uwanjani wakiwaomba wageni wawashie intaneti. Kwa hiyo, siku mbili kabla ya kuondoka, Nelius akafunga safari hadi Embu, kwenye duka la kampuni ya simu. Alibeba simu mpya ya safari na ile ya zamani yenye laini yake. Alitaka jambo moja tu: laini ile iwekwe roaming, iingie kwenye simu mpya, ifanye kazi Uingereza kama inavyofanya Karurumo. Mama akipiga, ilie. Hayo mengine Mungu atajua.

Dada wa kaunta, Carol, alikuwa na kucha ndefu na roho nzuri. Akaingiza namba, akatazama kioo cha kompyuta, akakunja uso.

"Auntie, hii laini si yako."

"Si yangu vipi? Nimekuwa nayo tangu wewe uko shule ya msingi."

"Naona jina la mwanamume hapa. Kithaka."

Nelius akakumbuka. Serikali ilipotangaza kwamba laini zisizosajiliwa zitafungwa, Kithaka alipita nyumbani kwa haraka zake, akazikusanya laini za nyumba nzima, akaenda akazisajili zote kwa kitambulisho chake. Nani alikuwa na muda wa kupanga foleni? Nusu ya Karurumo walifanya hivyo. Laini ya mke iko kwa mume, ya nyanya iko kwa mjukuu, na hakuna anayejali mpaka siku ya siku.

"Na sasa?"

"Mwenyewe aje na kitambulisho, aweke kidole hapa. Akitaka, anaweza pia kukuhamishia iwe jina lako. Ni dakika chache tu. Lakini bila yeye, mimi siwezi kugusa kitu."

Hapo ndipo Nelius alipokasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya laini. Alijiona amesimama pale na viza yake, na cheti chake, na viatu vipya, na bado ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwa kaka yake. Kila alipogeuka alikuta ukuta. Akampigia.

Kithaka alikuja haraka, duka lake halikuwa mbali. Akaketi kwenye kiti cha mteja, akasikiliza maelezo ya Carol yote kwa adabu, akitikisa kichwa. Kitambulisho hakukitoa.

"Kwa hiyo ni kweli," akamwambia dada yake. "Alice aliponiambia nilifikiri ni uvumi. Unaenda kuwaosha mama za watu na wako unamwacha hapa."

"Kithaka, weka kidole."

"Nangoja unijibu."

"Simwachi. Alice yuko pale. Na simu itakuwa inashika, ndiyo maana niko hapa! Weka kidole, mama anipate."

"Atakupata vipi ukiwa kazini? Utaacha kumwogesha mzungu upokee simu? Akikukosa atatoka, Nelius. Unakumbuka kahawa." Akashusha sauti. "Ahirisha. Mwaka ujao tutaona. Mimi laini yangu siiweki ng'ambo."

Laini yangu. Alisema hivyo, tena bila ubaya, kama mtu anayesema gari langu. Carol akajifanya anatafuta kalamu.

Ukweli ni kwamba Kithaka alikuwa amegusa penye kidonda. Usiku mwingi Nelius alikuwa amejiuliza swali lile lile: ikilia akiwa amemshika mzee wa watu bafuni, je? Alikuwa ametaka kuivuka bahari na kamba bado iko shingoni, na alikuwa amekuja mjini kuomba kamba irefushwe. Kurefushwa tu. Wazo la kuifungua halikuwa limempitia kichwani hata mara moja, na lilipompitia sasa aliona aibu, kisha akaona hewa.

"Carol," akasema, "nisajilie laini mpya. Kwa kitambulisho changu."

"Na hii?"

"Ngoja kwanza."

Kithaka akatabasamu kidogo, akadhani ameshinda. Carol akafanya kazi yake. Nelius akaweka kidole chake mwenyewe kwenye kile kioo kidogo, na jina lake likatokea lote, la ubatizo na la baba. Carol akamwekea bando la ng'ambo, akamwonyesha pa kuwasha data ya safarini, akamwonya asiiwashe kabla hajashuka kwenye ndege. Nelius akarudia maelezo yote kwa sauti asije akasahau. Akamtumia wakala namba mpya.

Kisha akaichukua simu ya zamani, akaiweka kiganjani mwa kaka yake.

"Shika."

"Nishike ya nini?"

"Si laini ni yako? Umesema mwenyewe, na kompyuta imesema. Shika laini yako."

"Nelius, wacha mchezo. Mama mimi siku hizi hanijui."

Alisema hivyo haraka mno, na uso wake ukabadilika, na kwa mara ya kwanza Nelius akaelewa kwa nini kaka yake haji nyumbani. Alikuwa anaogopa. Akamhurumia, kweli akamhurumia, lakini simu hakuirudisha.

Na simu ikalia.

Hakuna aliyehitaji kutazama ni nani. Kithaka akaishika kama amepewa kaa la moto. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkono wa Nelius uliinuka wenyewe, wallah, hakuutuma. Akaurudisha, akauficha kwapani.

"Pokea, Kithaka. Akikosa jibu atatoka."

Akapokea. "Maitu." Akaibana simu sikioni. "Ni mimi, Kithaka... Kithaka wako." Sauti ya mama yao ilisikika hadi kwenye kaunta, ndogo, ya kuuliza. Yule mwanamume mzima, mwenye duka na wafanyakazi, akamwangalia dada yake, macho yamejaa, akamnyooshea simu. "Anakutaka wewe. Ananiuliza mimi ni nani."

"Mwambie wewe ni nani."

"Nelius, tafadhali."

"Na umwambie nimesafiri."

Alikuwa amesimama pale pale Embu, mizigo yake bado iko Karurumo, na usiku huo angelala nyumba moja na mama yake. Hata hivyo akaokota mkoba na simu yake mpya, akaelekea mlangoni. Nyuma yake alimsikia Kithaka akieleza polepole, kwa Kiembu cha utotoni, kwamba Nelius amesafiri, kwamba yeye ni kaka yake, ndiyo, yule aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi, ndiyo, huyo huyo. Kisha mama akakata.

Nelius alikuwa na mkono kwenye kitasa simu ilipolia tena. Akasimama bila kugeuka, akahesabu.

Kithaka aliipokea kabla ya mlio wa pili.