Nasingiziwa Kumbemenda Mwanangu

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, maana gazeti lako linafika mpaka huku Usangu nilikoolewa.

Mimi ni mama wa miaka kumi na tisa, nimesoma kidogo tu kwetu Iringa. Nina mtoto mmoja wa kiume. Wenzake wa rika lake wanakimbiza kuku, yeye hata kukaa bado. Shingo inalegea, miguu imekakamaa.

Mimba yake ilinitapisha sana. Mama mkwe akawa ananichemshia bangi ninywe asubuhi, nipate nguvu ya kwenda kwenye mpunga. Kwao ni dawa ya kawaida, nilikunywa mpaka nikajifungua. Dresa wa zahanati aliposikia hivyo alitikisa kichwa. "Huenda ndiyo iliyomdhuru. Mnyooshe viungo kila siku, mama, usichoke."

Mume wangu hataki kusikia habari za dresa. Anasema nimembemenda mtoto, yaani nimelala na mwanamume mwingine huku nanyonyesha, na nisipomtaja huyo mtu hakuna dawa itakayofanya kazi. Amenichapa fimbo ya ng'ombe hadi ikakatika, akashika mchi. Jino langu lilidondokea kwenye uji. Juzi alimsimamisha mtoto uani, "Simama, mwanaharamu!" akamwachia. Mtoto akaangukia uso kwenye jiwe la kusagia. Nilimrukia nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, naye akanibamiza ukutani.

Mama mkwe alinikanda huku analia. Nikamwambia, "Mama, si umweleze mwanao ile bangi?"

"Ataniua, binti yangu. Alishampasua dada yake kichwa kwa neno dogo tu. Wewe mtaje mtu yeyote, yaishe. Mtaje yule mchunga ng'ombe, hana ndugu hapa."

Mchunga ng'ombe mwenyewe ndiye anayemletea mwanangu maziwa, na macho yangu hayainuki mbele yake.

Mpunga ukishavunwa ukoo utakaa kikao kunihoji. Nisipotaja jina, narudishwa Iringa na mtoto anabaki. Mume ameshanoa panga, analilaza chini ya kitanda chetu.

Na leo, ndugu zangu, nikiwa namnyoosha mwanangu kwenye mkeka, aliinua kichwa mwenyewe akanitazama. Kidogo tu, kisha kikaanguka. Lakini alikiinua! Nikimwacha mikononi mwa hawa, nani atamnyoosha?

Mlio na watoto na mlio na wakwe, nisaidieni mawazo. Siku hiyo wakiniuliza, nimtaje nani?