Shore Asiye na Pete Jichoni

Mume wangu alipoondoka Bukavu kwenda kutafuta maisha Cape Town, hatukuahidiana mengi. Alisema akifika na kupata chumba ataniita nimfuate. Mimi nikamwomba njiani anipigie picha za ndege. Mapenzi yetu ndiyo hayo. Miaka yote niliyofanya kazi ya kutambua ndege upande wa Lwiro, alizoea kunichokoza kwamba nimeolewa na darubini, yeye ni mpangaji tu. Sasa, tangu vita viingie mjini, barabara ina vizuizi, kazi imesimama, benki zimefungwa, ndege za abiria haziruki. Nilikuwa nashinda ndani na mama mkwe, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua.

Picha zikaanza kuja. Ya kwanza ilitoka Zambia: ndege mweusi juu ya waya. Kule kusini kuna weusi wawili wanaochanganya watu, mramba na mkamata nzi mweusi. Mramba ana mkia uliopasuka kama uma na jicho jekundu. Mwenzake mkia wake ni kama umekatwa sawasawa, na jicho ni la kahawia iliyokolea. Nikamwandikia kwamba wake ni mramba.

Akajibu: "Weye unajuaka yote, na hata Bukavu hujatoka."

Alikuwa ananitania, lakini iliniuma kwa sababu ni kweli. Ndege wa kusini nawajua kwa vitabu na picha, mpaka wale ambao hata wenyeji huwachanganya. Mimi mwenyewe siwezi kufika hata Kamanyola, hapo jirani tu, bila kuulizwa natoka wapi, naenda wapi, na kwa nini.

Kisha akanyamaza. Niliacha kula vizuri. Mama mkwe akawa anashika rozari toka asubuhi, na mimi nashika simu. Hatimaye ujumbe ukaingia, na picha chini yake: "Nimefika Cape Town. Niko bien. Hii ni ndege gani?"

Mama mkwe alipiga vigelegele hadi majirani wakaingia bila kubisha hodi. Picha niliitupia jicho tu, nikaona ni shore, ndege wa kila ua, nikasema nitamjibu baadaye. Mama mkwe akafunga kitenge chake kizuri akaenda parokiani kuomba misa ya shukrani. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba kumwambia mwisho wa mwezi tunatoka: mama mkwe ataenda kwa binti yake kule Luvungi, na mimi nitamfuata mume wangu. Mwenye nyumba hakupoteza muda. Siku iliyofuata alileta watu kuangalia vyumba, wakafungua hata kabati langu.

Walipoondoka ndipo nilipoketi kuitazama picha vizuri.

Shore wa kusini wako watatu, na ukiwaona kwa haraka utaapa ni mmoja: kichwa cheusi, mgongo wa kahawia, manjano chini ya mkia. Tofauti iko jichoni. Wa Cape ana pete nyeupe kuzunguka jicho. Wa nchi kavu, kama Namibia na Botswana, pete yake ni nyekundu. Wa tatu hana pete ya rangi; jicho lake linapotelea katika weusi wa uso. Huyo Cape Town hayuko; yuko Zimbabwe, yuko Zambia, yuko Malawi, na yuko hapa kwetu, ananimalizia mapapai uani.

Nikaikuza picha. Hakuna pete. Nikasema ni kivuli, lakini ndege alikuwa juani. Nikasema labda ni kinda, maana makinda ya Cape hayana pete bado. Lakini shore wa Cape, hata kinda, ana kahawia hadi tumboni, na huyu tumbo lake lilikuwa jeupe. Nilimtafutia mume wangu kila njia ya kutokea. Ndege hakunipa hata moja.

Nilikasirika. Mwanamume mwingine angedanganya kwa picha ya ghorofa au ya bahari. Wangu alidanganya kwa ndege, mbele ya mke ambaye hana kingine anachokijua. Halafu hasira ikageuka woga. Kwetu msafiri hasemi amekwama. Husema amefika, ili wa nyumbani wapate usingizi. Basi amekwama wapi, na nani anamshikilia?

Jumapili misa ikasomwa. Mama mkwe alitangulia kwenye maandamano ya matoleo, amebeba mkungu wa ndizi kichwani, anacheza kama msichana. Nilicheza nyuma yake. Watu walinishika mikono, wakaniambia nisiwasahau nikifika. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma, na nilitamani sana mtu anisukume nje ya lile kanisa.

Tuliporudi nyumbani mume wangu akapiga simu. Mama mkwe aliweka sauti kubwa ili naye asikie.

"Mwambie ile ndege yake," akanihimiza. "Amengojea jibu."

"Ni shore," nikasema. "Haina pete mu macho. Njo ile ile ya huku kwetu."

Mama mkwe akapiga makofi. "Unaona, mutoto wangu? Hata ndege ya kwetu imekufuata mpaka Cape Town!"

Nyuma ya mume wangu nilisikia watu wengi, watoto wakilia, na mtu akifoka kwamba mstari unyooke.

"Bibi yangu," akasema, "usitoke kwanza mu nyumba."

"Nilisha kumwambia mwenye nyumba."

"Juu ya nini asitoke?" akauliza mama mkwe.

"Huku baridi iko mingi, maman. Angojee kidogo."

Mama mkwe akaanza kutafuta sweta la kunipa. Niliondoa ile sauti kubwa, nikaiweka simu sikioni, tukabaki sisi wawili. Sikumuuliza yuko wapi. Niliogopa atanijibu tena kwamba yuko Cape Town.