Huku Juu Hatuitani

Nilipokuwa mtoto kule Illasit, kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo nilikatazwa kumwita mtu kwa jina lake: juu msituni, mfereji wetu unapoanzia, chini ya maporomoko. Mambo mengine niliyokatazwa niliyafanya kwa siri na nikanusurika. Nilipanda miti ya watu, nilitafuna vitunguu vibichi shambani, nilirusha mawe kwenye mabati ya jirani ili nisikie yakilia. Hilo moja nililiheshimu mpaka nilipofika miaka tisa, na siku nilipolivunja sikulivunja kwa utundu. Nililivunja kwa hofu.

Nilikuwa naishi na Shosho, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa Ngong wakihangaika na biashara ya nguo sokoni, na ilionekana afadhali mimi nibaki mahali penye chakula. Shosho alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kwaya na mdomo usiochoka. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Basi mimi nilikuwa Nyokabi na yeye alikuwa Nyokabi, na ili nyumba isichanganyikiwe aliniita Wajina. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilijiona ninamiliki nusu ya mtu mzima.

Shamba lake lilikuwa la vitunguu na nyanya, na lilikunywa kutoka mfereji wa zamani uliochimbwa kwa majembe na watu ambao hata yeye hakuwakuta. Maji yalitoka mlimani, yakapita msituni, kisha yakaja mashambani kwa zamu. Zamu yetu ilikuwa Alhamisi, tangu alfajiri mpaka jua lifike utosini. Saa yako ikifika unaondoa udongo na majani ya migomba yaliyoziba mlango wa shamba lako, maji yanageuka, na kwa muda huo mfereji mzima ni wako. Jua likivuka utosi, ni wa mwingine, hata kama vitunguu vyako vimelala chini kwa kiu.

Alhamisi moja ya kiangazi tulifungua mlango na hakikuingia chochote ila matope na chura mmoja, ambaye alionekana kushangaa kutuzidi. Vitunguu vilikuwa vimebakiza wiki chache kukomaa, na wiki hizo ndizo hazisamehe ukame. Ndivyo vilivyokuwa karo yangu na mafuta ya taa na kila kitu. Shosho alisimama akautazama mfereji, akaingia nyumbani, akatoka na panga.

"Wajina, vaa viatu. Twende tuone ni nini imekula maji yetu."

Tulifuata ukingo wa mfereji kupanda. Pale mashamba yanapoisha na msitu unapoanza, tulimkuta Mama Naserian, jirani yetu Mmaasai, akinywesha ndama kwenye kidimbwi kilichobaki.

"Nyokabi, takwenya," alimsalimu Shosho kwa Kimaasai.

"Iko," Shosho akaitikia.

Jina letu, kwa Kikuyu, ni la mwanamke mwenye asili ya Umaasaini, na Mama Naserian hakuchoka kumtania Shosho kwamba yeye ni binti yao aliyepotea njiani. Aliposikia tunakokwenda hakutania. Aling'oa nyasi kidogo, zile mbichi zilizobaki ukingoni, akaniwekea mkononi na kunifumba vidole.

"Shika hii. Ukifika juu, weka kwa maji. Ni kusema umekuja na amani."

"Mama Naserian, mimi ni mtu wa kanisa," Shosho akasema akicheka.

"Hata mimi. Lakini hiyo maji haijui."

Tukaingia msituni. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na bado nikifumba macho ninaweza kuipita njia ile mguu kwa mguu. Mwanga ulikuwa wa kijani na haukutoka upande wowote. Ndevu za miti zilining'inia zikigusa vichwa vyetu. Mbega walituangalia kutoka juu, weusi na weupe, wametulia kabisa, nami niliamini ni wazee wa kanisa fulani la huko. Mfereji ulijikunja pamoja nasi, mkavu, umejaa majani, na mahali pengine mizizi ilikuwa imeukumbatia pande zote mbili hata usingejua kama ulichimbwa au uliota. Sikusikia nyayo zetu wenyewe. Nilikuwa nikitembea na nikihisi ninaota, na katika ndoto hiyo Shosho alikuwa mbele yangu na kitambaa chake chekundu.

Alisimama mara kwa mara, mkono kiunoni, akitazama juu matawini. "Sikia ndege huyo," alikuwa akisema. Nami nilikuwa nikisikiliza. Nilidhani Shosho anapenda ndege.

Tulipoanza kusikia ngurumo ya maji aligeuka akanishika mabega.

"Kutoka hapa hatuitani. Unajua sababu?"

Nilijua, lakini nilitaka aiseme tena.

"Hii maji ya juu haisikii maneno mengine. Inashika jina peke yake. Ikishika la mtu, inamteremsha. Yule ameitwa hapa anavuna mara moja tu, mara ya pili haoni. Ukinitaka, piga makofi."

"Na nikikuita Shosho?"

"Shosho ni wengi. Hiyo haina shida. Lakini piga makofi."

Maporomoko hayakuwa makubwa. Watu wa leo huyapiga picha wakafanya yaonekane makubwa. Yalianguka kutoka kwenye mwamba mweusi, yakavunjika, na mvuke wake ukajaza bonde lote dogo, mweupe, unaotembea. Gogo lilikuwa limeteremka likakwama mdomoni mwa mfereji, na majani na matope vimejijenga juu yake. Maji yetu yalikuwa yanapita pembeni kwenda zake mtoni. Shosho aliniketisha juu ya jiwe, akakunja sketi, akapita juu ya mawe na panga lake. Kitambaa chekundu kikaingia kwenye mvuke. Kikafifia. Kikapotea.

Nilingoja. Nilitazama mkono wangu nikagundua nyasi hazimo. Nilikuwa nimezitumia huko nyuma kumtekenya kiwavi, nikazisahau. Nilipiga makofi. Mngurumo ukameza makofi yangu. Nikapiga mpaka viganja vikaniwasha. Nikaita, "Shosho! Shosho!" na hakuna aliyejibu, na mvuke ukaendelea kutembea polepole, na nikajua, kama mtoto anavyojua mambo, kwamba maji yamekwisha kumchukua.

"Nyokabi!" nikalia. "Nyokabi! Nyokabi!"

Mwamba ukarudisha. Ilikuwa sauti yangu, lakini ilitoka ng'ambo, na ilikuwa ikiniita mimi.

Shosho alitokea upande mwingine kabisa, ameloa kichwa mpaka miguu, akiburuta tawi. Aliliacha lianguke.

"Umeita nani?"

"Wewe."

"Umesema Shosho?"

"Nimesema Nyokabi."

Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake ukiogopa. Nilimwona akinitazama, kisha akayatazama maji, kisha mimi tena, na hapo ndipo nilipoelewa. Mahali pale walikuwa wamesimama Nyokabi wawili.

"Sasa itachukua nani?" nikauliza.

"Nyasi ya Mama Naserian iko wapi?" akauliza.

"Nimepoteza."

Aliinama, taratibu sana, akishika ubavu, akang'oa nyasi kati ya mawe. Mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, akaingia majini mpaka magotini, akaziweka nyasi juu ya maji kwa mikono miwili. Akasema kwa Kikuyu, lugha aliyokuwa akiombea, kwa sauti kubwa kushinda mngurumo: "Ni mimi. Ni Nyokabi mkubwa. Huyu mdogo hajaitwa."

Nyuma yake gogo lililokatwa likajigeuza, na mfereji ukaanza kujaa.

Tulishuka pamoja na maji. Mtu ambaye hajawahi kuona mfereji mkavu ukipokea maji hajui jambo hilo. Mbele hutangulia povu na majani na wadudu wanaokimbia, na yote huja kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Tulitembea sambamba nayo, Shosho akitoa majani yaliyokusanyika kwa ncha ya panga, mimi nikilia.

"Unalia nini na maji imekuja?"

"Sitaki uende."

"Niende wapi na vitunguu iko shambani? Nyamaza, Wajina. Hiyo mambo nimemaliza. Wewe uko na kazi ya kukua."

Tulipofika kwetu, jua lilikuwa limevuka utosi. Zamu yetu ilikuwa imekwisha. Niliushika udongo wa mlango nianze kuuondoa, maana maji yale tulikuwa tumeyaleta sisi wenyewe, lakini Shosho akanishika mkono. Tuliketi ukingoni, tumeloa na kuchafuka, tukayaangalia yakipita mbele ya vitunguu vyetu kwenda kwa jirani. Hakulalamika. Hilo nalo nimelikumbuka sana baadaye, jinsi alivyoweza kukaa kimya mbele ya zamu iliyokwisha.

Vitunguu vilistahimili hadi Alhamisi iliyofuata. Tulivivuna, na vilikuwa vizuri. Shosho alikufa wakati mahindi ya mvua za masika yalipokuwa yakitoa maua, kabla ya mavuno ya pili, kama alivyosema.

Sikumwambia mtu yeyote. Shuleni, mwalimu akisoma majina asubuhi, niliinua mkono tu, sikuitikia kwa mdomo mwaka mzima. Niliamini nimemuua shosho yangu kwa sauti yangu. Niliamini pia kwamba alijitoa kwa ajili yangu, na sikujua nifanye nini na zawadi kubwa namna hiyo. Nilikuwa nikioga ninauangalia mwili wangu nikiwaza, huu ulinunuliwa.

Nikiwa na miaka kumi na sita shangazi yangu, dada yake baba, alinionyesha kadi ya hospitali aliyoikuta kwenye sanduku la Shosho. Ilikuwa ya mwaka mmoja kabla ya ile Alhamisi. Uvimbe tumboni. Daktari alikuwa amemwambia yote. "Alitukataza tusiwaambie watoto," shangazi akasema. Nikakumbuka ndege. Kumbe hakukuwa na ndege.

Nililia kwa furaha siku hiyo, sifichi. Sikumuua. Lakini miaka ilivyokwenda kadi ile ilininyang'anya kitu pia. Kama alikuwa anajua anakwenda, basi aliyapa maji kitu kilichokuwa kimekwisha kupotea. Alikuwa mjanja, nikawa najiambia, alilipa kwa noti iliyochanika. Nilimpenda vilevile, ila zawadi yake ikawa ndogo moyoni mwangu, nami nikaona huko ndiko kukua.

Sasa ninaishi Kitengela. Niko na duka la mabomba na matangi, maana huku maji huja kwa lori la boza, na watu hununua tangi kabla ya kununua kitanda. Mwanangu wa kiume alipopata binti wa kwanza alimpa jina langu, kama desturi inavyotaka. Ninamwita Wajina. Desemba iliyopita alikuwa na miaka sita, tukampeleka Illasit aone kwao. Mfereji umetiwa saruji upande wa chini, lakini msituni bado ni ule ule, na mizizi bado imeukumbatia. Nilitembea kama ninayerudi ndani ya usingizi nilioukatiza. Sikumwambia mtoto lolote kuhusu majina. Mimi ni mzee wa kanisa na muuza mabomba, ningemwambia nini?

Tulipofika alisimama juu ya jiwe, akaona mwamba, akagundua kwamba unajibu. Watoto hugundua upesi.

"Nyokabi!" akapaza sauti, akicheka. "Nyokabi!"

Mwanangu alikuwa ameinua simu akimrekodi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvua viatu. Sikumbuki kuamua. Ninakumbuka baridi ya maji ikifika magotini, nyasi mikononi mwangu, na sauti yangu ikisema kwa Kikuyu, kwa nguvu, "Ni mimi. Ni Nyokabi mkubwa. Huyu mdogo hajaitwa."

"Mum, unaongea na nani?" mwanangu akauliza.

"Shosho umesema nini?" Wajina akauliza.

"Nimeitika," nikamwambia.

Mimi si mgonjwa. Nilipimwa mwezi uliotangulia, daktari akanitania kwamba nitawazika wote. Niko na duka, niko na shamba dogo ninakotaka kujenga nyumba, niko na hamu ya kuishi hata ninaona aibu. Na bado maneno yalitoka upesi, hayakuuliza nimebakiza miaka mingapi. Nilisimama mle majini nikamwomba Shosho msamaha. Hata kama kadi ile isingekuwepo, hata kama angekuwa amebakiza miaka hamsini, siku ile angeinama vilevile na kung'oa nyasi.