Juisi Niliyowapelekea Wakwe

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana hii aibu nikiikumbuka nikiwa peke yangu kwenye gari najikuta nafunika uso (na mimi ndiye na-drive).

Kuna mti wa matofaa nyuma ya apartment zetu hapa Fridley, ughaibuni, yanaanguka kwenye nyasi na hakuna anayeyaokota, basi nikajaza ndoo, nikakamua, nikatia hamira na sukari, nikaacha ichachuke kabatini, na nilipoonja nikajiona fundi. Sikungoja povu liishe kutoka. Nikaitia kwenye chupa za kioo na kukaza vifuniko kwa nguvu zangu zote.

Jumapili nikaenda mji wa jirani, New Hope, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Neema. Ni Wakongo, na kwetu Kenya kwa wakwe huendi mikono mitupu, kwa hiyo nikabeba boksi la chupa zangu. Mama yake akafungua mlango, na nyuma yake nikaona kwaya nzima ya kanisa imekaa na vitabu vya nyimbo.

"Umeleta nini, mwanangu?"

"Juisi, mama." (Ulimi ulijisemea wenyewe.)

"Aksanti! Lakini iko baridi sana. Weka karibu na hita, tutakunywa kisha maombi."

Nikaweka. Ningefanyaje?

Baba Neema, ambaye ni shemasi, alikuwa katikati ya sala wakati chupa ya kwanza ilipopasuka, paa! na nilipofumbua macho nikakuta nimesimama peke yangu. Kwaya yote ilikuwa imelala chini. Hawa ni watu waliokimbia vita, mlio kama ule hawangoji kuusikia mara ya pili. Ya pili ikapasuka. Povu likatoka kwenye boksi, likatambaa kwenye kapeti, na harufu ikajaza nyumba.

Shemasi akainuka polepole, akagusa povu, akanusa kidole.

"Juisi gani inalia sawa bunduki?"

"Ni pombe, papa. Nisamehe."

Bibi yake Neema alikuwa bado chini ya meza, nikapiga magoti kwenye ile pombe na suti yangu ya pekee, nikampa mkono.

"Imeisha?" akaniuliza.

"Imeisha, bibi."

Na chupa ya tatu ikapasuka.

Hapo Neema akaangua kicheko, mama yake akafuata, halafu kwaya, kicheko cha watu ambao moyo bado unawadunda. Shemasi hakucheka. Aliniletea ndoo na kitambaa, nami nikasugua kapeti huku wao wakiimba, na ilipita miezi kabla hajakubali salamu yangu.

Tulioana, ndiyo. Kuchachusha kitu chochote nimeacha, na uongo mdogo mdogo wa adabu nao nimeuacha, kwa sababu nilipomaliza kusugua, bibi alikaa pembeni yangu jioni yote bila kuniachia mkono, na kila mlango ulipofungwa aliukaza zaidi.