Kiti cha Mama Juu ya Kabati

Wanaonicheka kwa sababu ninakusanya vitabu vya mitumba juu ya vitu vya zamani, wacheke tu. Siku moja, katika soko la Bunia, nilipata kimoja kinene sana, cha Kifaransa. Ndani kulikuwa na picha ya kiti cha miguu mitatu, sawasawa na kile mama yangu alikuja nacho toka Gety, anachokalia jikoni. Kitabu kilisema: kitu cha thamani, kisikaliwe kamwe.

Nikakimbia nyumbani, nikapandisha kiti juu ya kabati. Mama alipokitafuta, nikamuonyesha ile picha.

Akaiangalia sana. Akafunga kitabu, akakiweka chini, akakikalia, akaendelea kuchambua maharagi yake.

“Iko kigumu, mutoto wangu,” akasema, “lakini kitazoea.”